Hedifoni ya HD 800 inanichoma kwenye fidla na herufi "s": niifungue, nibadili waya, au niimalize kwenye kompyuta?

MwanaNgamiani (Tanga)

Salaam wakuu. Nitaandika kwa urefu kidogo, maana jambo hili limenikaa rohoni.

Mjomba wangu alifariki akaacha sanduku la kaseti 63. Ni taarabu za harusini alizorekodi mwenyewe miaka ya 1980, kwa redio-kaseti yenye maikrofoni mbili za ndani, akiitega mezani karibu na wapigaji. Nimejipa kazi ya kuzihamishia kwenye kompyuta, usiku watoto wakishalala. Binamu yangu aliporudi kutoka Muscat mwaka jana akaniuzia hedifoni yake, Sennheiser HD 800, ile ya kwanza ya rangi ya fedha iliyotoka 2009. Kwa pesa ile ningepata pikipiki iliyotumika. Sijutii. Kuna kanda moja ambayo nyumbani tumeijua tangu utotoni kama vurugu tupu ya makofi na vigelegele. Usiku wa kwanza niliisikia kanuni (ile ala ya nyuzi) imekaa mahali pake, na kulia kwake bangili za wanawake wanaokwenda kutunza: zinakaribia, zinasimama, zinarudi.

Tabu ni hii. Mwimbaji akitamka "siri", "usiku", "nisamehe", ile "s" inachoma. Fidla zikipanda juu zote kwa pamoja, nusu saa haipiti kichwa kinaniuma na inabidi nivue.

Na imeshaniharibia kazi. Wiki tatu nzima nilidhani ukali uko kwenye kanda, nikawa napunguza sauti za juu kwenye kila faili ninalolihifadhi. Siku moja nikamwekea kaka yangu kanda mbili kwenye gari lake. Akaniuliza kwa nini fidla zinasikika kama zinapigwa chumba cha pili. Nilisimamisha gari pembeni nikasikiliza vizuri, na ni kweli. Kaseti 11 nimezififisha kwa mikono yangu mwenyewe. Nashukuru sikufuta faili za awali, lakini kazi yote inabidi irudiwe.

Kwa hiyo maswali yangu:

Kuna muuzaji anayenishawishi ninunue waya wa fedha, anasema ukali utaisha. Fundi mmoja wa mtaani anataka kuifungua aweke pamba ndani. Na rafiki yangu anasema ninunue pedi nene za ngozi. Nani kati yao yuko sahihi? Naiunganisha na amplifaya ndogo ya mezani. Pedi ni zile zile ilizokuja nazo, zimelala kidogo.

FundiMitetemo (Dar es Salaam)

Mkuu, pole kwa hizo 11. Kwanza mzuie huyo wa pamba asiguse kitu.

Masikio yako hayajakudanganya. HD 800 ina kilele kinachojulikana, yaani mahali inapotoa sauti kwa nguvu kupita kiasi, karibu na kHz 6. Draiva yake (kile kispika cha ndani) ni kubwa, milimita 56, na kiwambo chake hakikujaa duara kama kawaida, ni pete. Imekaa mbali na sikio, imeinamishwa kutoka mbele, ndani ya kikombe kipana. Huo upana na huo mwinamo ndivyo vinavyokupa zile bangili zinazotembea. Lakini kikombe kipana chenye sakafu ngumu nacho kina mwangwi wake, na sehemu ya ukali unaousikia inatoka hapo. Sasa angalia ilipoangukia: "s" ya mwanadamu ina nguvu nyingi kati ya kHz 5 na 8, na mng'aro wa fidla uko humo humo. Mwenye kusikiliza gitaa la besi na ngoma hatalalamika. Wewe wa taarabu unalipia kila ubeti.

Sennheiser wenyewe walilifanyia kazi. HD 800 S ya 2016 ina kinyonyaji kidogo katikati ya ile pete. Puliza mdomo wa chupa ya soda: inalia sauti moja tu, ile inayolingana na ukubwa wake. Kitundu kile kinafanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo, kinaimeza sauti ya masafa yake na kuziacha nyingine zipite. Kuna watu walishaanza kuchapa vinyonyaji vya namna hiyo kwa mashine za 3D na kuvipachika kwenye HD 800 za zamani.

Ila usianze na kikombe. Anza na kompyuta, kwa sababu kule unaweza kufuta ulichokosea. Fungua Audacity (programu ya kuhariri sauti), tengeneza toni inayopanda taratibu kutoka kHz 4 hadi 9, volyumu CHINI KABISA, usiku kukiwa kimya. Utafika mahali toni inaruka juu ghafla kama mtu ameongeza sauti. Andika namba. Rudia mara tatu, vua na uvae upya kila mara, maana hedifoni ikisogea kidogo tu sikioni namba inahama. Ukishaipata, weka kichujio kimoja chembamba kwenye Equalizer APO (ikwalaiza, yaani programu ya kupandisha na kushusha masafa; ni ya bure, kwa Windows): masafa yako hayo, punguza desibeli 4, Q (kipimo cha wembamba wa kichujio) iwe 3. Sikiliza siku tatu kabla hujagusa tena.

Na hili lishike kwa mikono miwili: Equalizer APO inabadilisha kinachokwenda masikioni tu. Faili haliguswi. Ugonjwa wa hedifoni unatibiwa kwenye hedifoni, kanda iache kama mjomba alivyoinasa. Ila hakikisha programu yako ya kuhariri haitumii ASIO wala WASAPI ya kumiliki kadi peke yake (ni njia za programu kuifikia kadi ya sauti moja kwa moja). Hizo zinairuka ikwalaiza, utadhani umeweka kumbe hujaweka.

Juma_600 (Nairobi)

Ndugu, mimi ningeiuza tu ninunue HD 600, hedifoni nyingine ya Sennheiser. Nimekaa na yangu miaka tisa, sijawahi kulala na kichwa kinachouma. Sauti ya mtu iko pale mbele, haina fujo. Ukianza kukata na kubandika hutamaliza.

MwanaNgamiani (Tanga)

Shukrani kaka Juma. HD 600 niliisikiliza kwa jamaa mmoja, ni kweli sauti ya mwimbaji ni tamu mno. Lakini zile bangili zilirudi kuwa makofi. Kwa kazi hii nahitaji kujua nani amekaa wapi, kwa sababu kuna kanda ambazo majina ya wapigaji tunayatafuta kwa kusikiliza mkono wa kila mmoja.

BintiKibokoni (Mombasa)

Kaka, mimi ninayo hiyo hiyo ya fedha tangu 2017 na nimeifanyia felti (kile kitambaa kizito kilichoshindiliwa) mara tatu, kuunyonya ukali. Mara mbili niliharibu, ya tatu ndiyo ninayo mpaka leo. Wacha nikueleze polepole.

Pedi hazikugundishwa. Zimeshikwa na vikucha vya plastiki pembeni. Ingiza ukucha wako, si bisibisi, anzia upande mmoja uvute taratibu. Utasikia "tak", halafu inayofuata. Nyuma ya pedi kuna kitambaa chembamba cheusi cha kuzuia vumbi, kiondoe ukiweke juu ya karatasi safi. Hapo ndipo utaiona draiva katikati, kama kitufe kikubwa, na kuizunguka uwanja mtupu wa wavu wa chuma na plastiki. Mara ya kwanza kuuona nilishangaa jinsi ulivyo mtupu.

Usiiguse draiva kwa kidole, na usipulize kwa mdomo. Mate yakiingia mle, umepata kazi nyingine.

Kosa langu la kwanza: nilikata felti nene, karibu milimita 4, nikafunika uwanja wote. "S" zilitulia, lakini kila kitu kingine nacho kilitulia. Yule bibi anayeimba alikuwa kama amejitanda shuka usoni. Kumbuka wavu ule si pambo, hewa inapita hapo, ukiuziba besi nayo inageuka tabia. Felti inanyonya sauti za juu kwa upana wake wote, haichagui kHz 6 peke yake. Kwa hiyo unaitia kidogo, kama chumvi.

Kosa la pili ni la pwani. Nilitumia selotepu ya pande mbili. Nakaa Mji wa Kale, nyumba ya juu, Februari na Machi chumba kinapika. Gundi ililainika ikatambaa, felti ya kulia ikateleza kama milimita 5. Sikujua. Nilichojua ni kwamba kila mwimbaji amehamia kushoto. Nikahangaika na amplifaya, nikahangaika na waya, siku nne, mpaka nilipofungua nikakuta felti imelala upande. Kusafisha ile gundi kwenye wavu wa chuma kwa kijiti cha pamba ilinichukua alasiri nzima.

Mara ya tatu nilifanya hivi. Nilichukua karatasi ngumu ya manila nikaiweka juu ya uwanja nikafuatisha umbo kwa penseli, nikakata kielelezo. Kielelezo kimoja tu, kwa pande zote mbili: ukigeuza unapata cha pili, na kulia na kushoto vinakuwa pacha. Felti ya milimita 1. Nilikata umbo la mwezi mchanga, likakaa upande wa nyuma, yaani nyuma ya sikio, na mbele nikaacha wazi kabisa. Sikuweka gundi. Nilikata kubwa kidogo, kama nusu milimita, ikajibana yenyewe ukingoni, halafu kitambaa cha vumbi na pedi vikaishikilia. Msimu wa joto umepita mara kadhaa, haijasogea.

Fanya upande mmoja kwanza, uvae, upige wimbo wa sauti ya mono, yaani sauti ile ile pande zote mbili. Mwimbaji ataegemea upande mmoja. Huo ndio ukubwa wa badiliko lako, unausikia hapo hapo bila kubahatisha. Ukiridhika, fanya wa pili, naye anarudi katikati.

Na usiache ikwalaiza. Mimi nina felti na kichujio kidogo cha desibeli 2. Kabla ya felti nilikuwa nahitaji 5.

FundiMitetemo (Dar es Salaam)

Dada ameeleza vizuri kuliko video zote nilizoangalia. Nimalizie ya waya na pedi.

Waya wa fedha: hapana. HD 800 ina ukinzani wa umeme wa omu 300. Waya wako wa mita tatu una sehemu ndogo sana ya omu moja, na ukiubadilisha kwa fedha unapunguza kile ambacho tayari hakionekani. Kilele cha kHz 6 kimejengwa ndani ya kikombe, waya hauwezi kukifikia. Badili waya ukiwa umekatika, ni mrefu mno, au unakupigia kelele ukigusa meza. Ukitaka kubadili, angalia pia kwamba plagi za HD 800 ni za aina yake, za HD 600 haziingii. Pesa hiyo nunua pedi.

Pedi ndizo watu wanazozipuuza. Zikilala, sikio linasogea karibu na draiva, nafasi ya ndani inapungua, ukingo hauzibi tena sawasawa, na besi inavuja. Besi ikipungua, ukali unaonekana mkubwa zaidi hata kama haukuongezeka. Huku kwetu jasho na chumvi ya hewa vinazimaliza mapema. Lakini chukua pedi za asili za HD 800, zile za kitambaa laini. Pedi nene za ngozi zinabadilisha umbali, umbo na mwangwi kwa mpigo mmoja, na hutajua tena kipi kimefanya nini.

Kwa wenye amplifaya za taa (zile za zamani za vioo badala ya transista) kuna jambo la kuongeza. Ukinzani wa HD 800 haukai palepale 300. Unapanda karibu maradufu maeneo ya Hz 100. Amplifaya yenye ukinzani mkubwa wa kutoa, tuseme omu 100, itakuzidishia besi hapo kwa kama desibeli 1. Ni kidogo, ila sikio linakipokea kama joto. Ndiyo maana wengi wanasema HD 800 na taa zinapatana. Kwa kazi ya kanda bakia na hiyo yako ya kawaida, upate jambo moja lisilobadilika.

MwanaNgamiani (Tanga)

Wakuu, wiki tatu zimepita, narudi na majibu.

Nilianza na toni. Mara ya kwanza iliruka kHz 6.1, ya pili 5.9, ya tatu 6.0. Fundi, ulisema nivue na nivae upya na sasa naelewa kwa nini. Niliweka kichujio kwenye 6.0, desibeli 4 chini. Usiku ule nilisikiliza saa mbili na robo bila kuvua, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu ninunue.

Kisha pedi. Niliagiza za asili kupitia mtu aliyekuwa anarudi kutoka Ujerumani. Niliweka ya zamani na mpya juu ya meza, nikaziangalia kwa usawa wa macho. Ya zamani imepungua karibu theluthi kwa nyuma, na kwa mbele imebaki nzima. Yaani hedifoni ilikuwa inakaa mshazari kichwani miezi yote na mimi sijui. Baada ya kubadili, besi ya dumbaki ilirudi kuwa na ngozi, unasikia kiganja kinapotua na kinapoinuka.

Felti ndiyo ilinipa kazi. Ya milimita 1 sikuipata Tanga, niliyoipata kwa fundi viatu ilikuwa ya milimita 2. Dada, niliichana. Felti ukiishika vizuri inachanika kwa unene kama mkate wa kusukuma, unaanzia pembeni kwa wembe halafu unavuta taratibu. Kipande cha kwanza kilitoka na mabonde. Cha nne kilitoka sawa. Nikafuata mwezi mchanga wako, nyuma tu, bila gundi. Nilivaa na upande mmoja umewekwa, na kweli mwimbaji akasogea, kiasi cha upana wa vidole viwili. Nilipoweka wa pili akarudi katikati ya paji la uso. Kichujio sasa nimekishusha hadi desibeli 2.

Nilitaka sikio jingine lihukumu. Shangazi yangu, dada wa marehemu, ana miaka 74 na ndiye aliyekuwa anaitikia kwenye kanda nyingi hizi. Nilimvisha, sikumwambia nimefanya nini, nikampigia dakika moja za wimbo ule ule kwa namna tatu: bila kichujio na bila felti, na kichujio tu, na vyote viwili. Volyumu nilisawazisha kwanza kwa toni ya kHz 1, kwa sababu sauti iliyo kubwa kidogo humshinda mwenziwe hata kama si bora. Ya kwanza alikunja uso akashika ukingo wa hedifoni. Ya pili alisema, "Hapa sawa." Ya tatu hakusema kitu. Alianza kuitikia, kwa sauti ya chini, ubeti mzima. Kisha akanyoosha kidole kushoto akasema, "Huyu wa fidla ya pili ni wa Pangani, alikuwa na kawaida ya kuchelewa nusu pigo." Akanitajia jina lake. Tulikuwa tunalitafuta jina hilo tangu mwaka jana.

Kaseti 11 nimeanza kuzirudia, nimefika ya sita. Faili la zamani na jipya nikiyaweka pamoja, kwenye la zamani yule wa fidla ya pili humsikii kabisa. Nilimfuta mimi.

Waya sijabadilisha.

Swali moja kwa dada wa Kibokoni. Felti yangu ya kuchana inaacha manyoya madogo upande uliochanwa, nami nimeuelekeza chini, kwenye wavu. Naogopa yasije yakaingia kwenye draiva. Niugeuze utazame juu, au nipitishe juu yake pasi ya moto kidogo kwanza?

BintiKibokoni (Mombasa)

Geuza utazame juu, kwenye kitambaa cha vumbi. Pasi usipitishe, inaukaza uso wa felti na felti iliyokazwa hainyonyi. Upige kwa selotepu ya kawaida mara tano sita, manyoya yaliyolegea yatatoka nayo, kisha uirudishe. Na umwambie shangazi Mombasa tunamsalimu. Kama kuna kanda alizoimba huku kwetu, mimi ninazo mbili za baba ambazo waitikiaji hatuwajui.